Hadithi Aliyoisimulia Ba Nyuma ya Pikapu

Nyinyi mnaosomea unesi siku hizi mna bahati ya simu. Mtu akiumwa na nyoka, mwenzake anampiga nyoka picha. Zamani walikuwa wanatuletea nyoka mwenyewe. Kuna mzee mmoja aliingia kwa dispensari yetu kule Gatuanyaga na gunia, akaliweka juu ya meza yangu, akasema, "Sista, ndiye huyu, mwangalie vizuri." Gunia likajisogeza. Mimi nilitokea dirishani. Akina mama waliokuwa wameleta watoto kuchanjwa walitokea mlangoni, wengine wakanifuata dirishani, na mzee akabaki peke yake ndani, mguu umevimba kama mto wa kulalia, akiuliza kwa sauti mbona hakuna huduma.

Chekeni tu. Huyo alipona. Alikuwa ameumwa na moma, yule nyoka mnene mvivu ambaye hukungoja umkanyage, na alifika mapema.

Hapa Gitothua mnaniita Cucu Sista, yaani nyanya muuguzi, na wengi wenu hamjui hata jina langu ni Njoki. Mnapanga kwa hii ploti yangu, mnapita na yunifomu zenu za chuo asubuhi, mnanikuta na kuku wangu, mnadhani nilizaliwa nimestaafu. Majuzi Shiru, mmoja wenu, aliniuliza, "Cucu, kwa kazi yote uliyofanya, ni siku gani ulishikwa na woga kabisa?" Nilimwambia ningeiandika. Nikiisimulia kwa mdomo nitaiharakisha, na hiyo siku haikuwa na haraka yoyote. Ilijivuta.

Lakini kwanza mjue nilifunzwa na nani. Marehemu Sista Ruth alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye mikono baridi. Hakupenda maneno. Siku yangu ya kwanza tulipokea mkulima aliyeumwa mguuni, na jamaa zake walikuwa wamemfunga juu ya goti na chubu ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya gurudumu, wakaikaza kwa kijiti. Walimkalisha hivyo tangu jana yake wakitafuta gari. Mguu ulikatwa. Mimi nilisema, sumu mbaya sana. Sista Ruth akaniambia, "Sumu haikukata huo mguu. Chubu ndiyo iliukata." Tangu hapo, mgonjwa akija amefungwa kamba, mikono yangu hutafuta fundo kabla sijamsalimia.

Neno lake lingine lilikuwa hili: macho ya mgonjwa yanaweza kukudanganya, kifua kinaweza kukudanganya, shingo haidanganyi. Alikuwa ananishika vidole viwili na kuvibandika kando ya koo la mgonjwa, hapo kwenye bonde, kwa nguvu, kama mtu anayemfunza mtoto kushika penseli.

Sasa sikieni.

Karibu na dispensari kulikuwa na duka la mabati, simiti, misumari na nguzo za ua. Lilikuwa la Bwana Jayesh, ambaye duka lake kubwa liko Thika mjini. Walikuwa Wahindi. Sisi tulisema tu "Wahindi", na wao walisema tu "Waafrika", na kila upande ukaona umemjua mwenzake. Kila Jumamosi Jayesh alikuja kuangalia tawi la huku na mama yake mzee. Huyo walimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, na sisi wote tukamwita Ba. Alikuwa mwembamba, amevaa sari nyeupe ya mjane, anakaa kwa kiti cha plastiki mlangoni mwa duka na kuwagawia watoto peremende. Nilikuwa nakunywa chai naye mara mojamoja. Hakula nyama, hakula yai, hakula hata kitunguu, na siku moja alinizuia nisimuue buibui. Nilidhani ni uzee.

Mjukuu wake, Mehul, alikuwa ametoka chuoni, amepewa lile duka alisimamie. Kijana wa kazi. Hakukaa nyuma ya kaunta, alibeba mabati pamoja na vijana wa mzigo.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafunga kidonda cha mtu niliposikia pikapu ikipiga breki nje na vumbi likaingia kabla ya watu. Kioko, dereva wao, alimshusha Mehul akiwa amembeba kama mtoto. Nyuma yake Jayesh, uso umepauka. Nyuma ya Jayesh, jamaa mmoja wa sokoni anayeuza jiwe la nyoka, lile linalodaiwa kunyonya sumu, amelishika juu ili kila mtu alione.

"Ameingiza mkono katikati ya mabati," Kioko alisema. "Ni ile ndefu ya majivu, sista. Niliiona. Ilifungua mdomo, ndani ni nyeusi."

Nyoka huyo vitabu humwita koboko. Watu wa Gatuanyaga husema mamba, na ukiwa mgeni utafikiri ni yule wa mtoni, ambaye angalau unamwona akija.

Mkono ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, umekuwa zambarau. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye fundo.

"Usifungue! Itapanda kwa moyo!" yule wa jiwe akapiga kelele.

"Toka," nilimwambia.

"Hili jiwe limeponya—"

"Kioko, mtoe."

Nililegeza kamba polepole, nikamfunga Mehul bandeji pana kutoka vidoleni hadi begani, kwa kukaza kama unavyomfunga mtu aliyeteguka, si zaidi, kisha kipande cha ubao mkono usikunjike. Wakati nafunga, nilikuwa naangalia uso wake. Kope zilikuwa zinashuka. Alizivuta juu, zikashuka tena. Mate yakaanza kumtoka pembeni ya mdomo.

"Sista," aliniambia, na ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi, "mdomo wangu umelala."

Dawa ya sumu ile hatukuwa nayo. Dawa hiyo hukaa kwenye friji ya hospitali kubwa. Nilipiga simu ya ambulensi, ikawa imeenda upande mwingine na mama wa kujifungua. Kwa hivyo nilitoa godoro kwa kitanda, nikabeba ambu, yaani ule mpira wa kumpumulia mtu, na barakoa yake, nikasema twende na pikapu.

Ba alikuwa amefika kutoka dukani, na Jayesh alitaka akae mbele na Kioko. Ba alipanda nyuma, akaketi juu ya mfuko wa simiti, akachukua kichwa cha Mehul na kutandaza ncha ya sari yake juu ya uso wake, vumbi lisiingie.

Barabara ile ya kwenda Thika mnaijua, ni mashimo matupu. Nilimwambia Kioko kwa dirisha dogo la nyuma, "Kimbia, lakini usinirushe."

"Sista, chagua moja," alisema.

Hatukuwa tumefika hata nusu ya njia Mehul alipoacha kupumua.

Haikuwa kama mnavyoona kwenye sinema. Hakuna mguno, hakuna kutupa mikono. Kifua kilipanda kidogo, kikapanda kidogo kuliko mwanzo, halafu hakikupanda. Nilimlaza kichwa nyuma, nikapangusa mate, nikaweka barakoa. Hapa msikilize vizuri, kwa sababu mtaambiwa darasani na mtasahau: dole gumba na cha shahada vishike barakoa, vile vingine vitatu vivute taya ije juu, kama unaiinua ije ikutane na barakoa. Usiikandamize barakoa usoni, utaifunga njia ya hewa wewe mwenyewe. Na ule mpira usiukamue kama chungwa. Bonyeza mpaka uone kifua kinainuka kama cha mtu aliyelala, achia, ngoja, bonyeza tena. Mtu mwenye woga hubonyeza haraka. Mimi nilikuwa na woga. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na kila "Baba yetu" nilipeleka polepole ili mkono ufuate.

Jayesh alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Alimwita kijana wake kwa Kigujarati. Akamfunua kope moja, akamulika jicho kwa tochi ya simu. Mboni ilikuwa imepanuka, nyeusi, haikujali mwanga. Akafunua la pili. Vilevile.

Alitoa sauti ambayo sitaki kuielezea. Kisha akainuka na kupiga paa la gari kwa ngumi zote mbili. "Simama! Kioko, simama!"

Kioko akasimama. Angefanya nini? Huyo ndiye tajiri wake.

"Usisimamishe gari!" nilipiga kelele.

"Amekufa," Jayesh alisema. "Sista, mtoto wangu amekufa. Acha. Tafadhali acha kumfanyia hivyo."

"Hajafa."

"Nimeona macho!"

"Macho ni sumu. Moyo unapiga. Weka mkono hapa." Nilimshika vidole nikavibandika kando ya koo la mwanawe, kama Sista Ruth. Lakini vidole vya mtu anayetetemeka havisikii kitu isipokuwa mtetemeko wake.

"Hakuna kitu," alisema. "Hakuna." Na akanyakua ambu mkononi mwangu.

Watu wa boda boda walikuwa wameshasimama kando ya barabara. Mmoja alichungulia, akavua helmeti. "Huyo ameenda," alimwambia mwenzake, taratibu, kwa heshima. Hiyo heshima ilinitia baridi kuliko ngumi za Jayesh. Ukiona watu wanavua kofia, hata wewe unaanza kushuku vidole vyako. Niliviweka tena shingoni. Tk. Tk. Upo. Lakini hewa haikuwepo, na Jayesh alikuwa ameukumbatia ule mpira kifuani, analia.

Nilimrukia. Ndiyo, mimi, mama mzima mwenye yunifomu. Nilivuta, na yeye akavuta.

"Jayesh." Ilikuwa sauti ya Ba. Hakupaza. "Rudisha kitu ya sista."

"Ba, amekufa."

"Sisi ni watu ya nani?"

Jayesh alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Nauliza. Tangu ulikuwa mdogo nilikufundisha. Watu wetu ilitoka kwa nani? Kama siku ile watu wangesikiza wale walisema amekufa, wewe ungekuwa wapi? Mimi ningekuwa wapi? Rudisha." Kisha akageuka kwa dirisha dogo. "Kioko! Nani alikuandika kazi?"

"Ni wewe, Ba."

"Basi endesha."

Gari likaruka. Mikono ya Jayesh ililegea, nikachukua ambu, nikaweka barakoa, nikabonyeza. Kifua kikainuka. Sijui ni muda gani ulipita bila hewa. Huwa nakataa kuukisia.

Na Ba, akiwa ameshika kichwa cha mjukuu wake kwa mikono miwili, akaanza kusimulia. Alisimulia kwa Kiswahili chake cha dukani. Baadaye nilifikiri, kwa nini si kwa Kigujarati? Nadhani alitaka mimi na Kioko pia tusikie. Alijua ni sisi tulioshika usukani na mpira.

"Zamani sana kulikuwa na mji katikati ya mchanga. Osian. Watu ya huko ilikuwa watu ya upanga. Kazi yao kupigana. Hata sikukuu yao, wanachinja mpaka damu inatembea kwa barabara. Kukaja mtawa. Hana viatu, hana kitu. Anaomba chakula mlango kwa mlango, lakini kila sufuria ni nyama, na yeye hali kitu yenye ilikuwa na uhai. Akakaa na njaa."

Bonyeza. Achia.

"Mfalme alikuwa na mkwe, bwana ya msichana wake. Kijana, kama huyu. Nyoka ikamuuma. Waganga wote wakakuja, wakashindwa. Wakasema, amekufa. Mfalme akasema, amekufa. Mke peke yake alikataa, lakini nani anasikiza mke akilia? Wakamvalisha kitambaa nyeupe. Wakambeba. Kuni ilikuwa imepangwa tayari."

Gari liliingia shimo, barakoa ikateleza. Mkono mmoja ukaja ukaishika. Ulikuwa wa Jayesh. Nilimwonyesha vidole vya taya, akavishika kama nilivyomwonyesha, mimi nikabaki na mpira peke yake. Watu wawili hufanya hii kazi vizuri kuliko mmoja, wakumbuke hilo wale wenye kiburi.

"Kwa njia," Ba aliendelea, "mtawa akasimama mbele yao. Akawaambia, mnaenda kuchoma mtu iko hai? Wakakasirika. Akasema, mwekeni chini. Leteni maji. Akamwagia yule kijana, na kijana akafungua macho."

Kioko alikuwa amefungua lile dirisha lote. Niliona sikio lake.

"Mfalme akaleta dhahabu. Mtawa akauliza, nitaweka wapi? Akasema, leo mji mzima umelia kwa sababu ya mmoja. Hao wengine mnachinja, hao hawana mama? Basi siku hiyo mji wote ukaweka upanga chini. Mkubwa na mdogo. Sasa mtu ya upanga akiweka upanga, atakula nini? Akachukua mizani. Ndio sisi Oshwal, watu ya Osian. Duka ilianza hapo." Alimpangusa Mehul vumbi kwenye paji la uso. "Sisi wote tumetoka kwa mtu moja aliambiwa amekufa. Jayesh, unasikia? Shika vizuri."

Tulifika lami, tukafika mjini, na mjini kukawa na foleni ya malori ya viwanda. Kioko alipanda juu ya ukingo wa barabara, akapitia mbele ya vibanda, akipiga honi bila kuachia, na akina mama wa nguo za mitumba wakatukana ukoo wake wote mpaka walipoona kilichokuwa nyuma.

Hospitali walitupokea mbio. Dawa ilianza kuingia mshipani, na nyingine ikatumwa kutoka Nairobi. Mashine ya kupumulia ilikuwa inaandaliwa, na mpaka iwe tayari mpira ulihitaji mikono. Yangu ilikuwa imekufa ganzi. Kioko akabonyeza, kisha muuguzi kijana wa zamu, kisha Jayesh. Yeye hakukubali kupokewa. Alibonyeza huku midomo inasogea, na nikajua anahesabu, au anaomba, sikuuliza.

Mehul alitolewa mashine siku kadhaa baadaye. Nilienda kumwona na Kioko. Ba alikuwa kando ya kitanda akigombana na mpishi wa hospitali kuhusu kitunguu. Nilimuuliza, kwa utani kidogo, "Ba, ile hadithi ya mtawa, ilitokea kweli?"

"Na wewe sista," alisema, "ulikuwa bustanini na Adamu?"

Haiya.

Mehul aliomba wengine watoke kidogo. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na ule mrija wa mashine.

"Sista, nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Yote. Ulipomwambia Kioko asikurushe. Yule wa boda boda. Nilimsikia Papa akisema acha. Nilihisi barakoa imetoka. Nilikuwa ndani napiga kelele, na hakuna kidole kilisogea." Alimeza mate kwa shida. "Ba husimulia hiyo hadithi kila mwaka tangu nizaliwe. Hakuna siku mtu amemuuliza yule aliyebebwa kwa kuni alisikia nini njiani."

Nilimshika mkono ule mzima.

"Usimwambie Papa," alisema. "Itamuua."

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, mnafundishwa hivyo na ni kweli. Lakini siwaambii ni nyepesi. Niliibeba wiki nyingi, na kila Jumamosi nilipoona ile pikapu nilijifanya niko na kazi stoo.

Kisha siku moja Jayesh akaja. Hakuja kama tajiri. Alikaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto, akangoja zamu yake, akaingia, akafunga mlango. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa.

"Sista, nataka kukuuliza kitu cha kazi yako. Mtu akiwa vile, macho hayaoni, hapumui. Anasikia?"

Nilipanga dawa kwenye trei. Nikazipanga tena. Nikisema hapana, nimedanganya, na kesho atakuja mwingine na swali hilohilo na uongo wangu utakuwa umeshatangulia. Nikisema ndiyo, nimemsaliti kijana.

"Muulize Mehul," nilisema.

"Naogopa."

"Najua. Yeye pia."

Iliponitoka, nilitaka kuirudisha. Jayesh aliniangalia, na nikaona imefika pale ilipokuwa inaenda. Hakulia. Alisimama, akanishukuru kwa sauti ndogo kama mtu aliyepewa dawa chungu, akatoka.

Dirisha langu lilitazama duka lao. Mehul alikuwa anapakia nguzo kwenye pikapu, amevaa glavu nene mpaka kwenye kiwiko. Niliona baba yake akimwendea. Sikusikia kitu, upepo ulikuwa unaenda upande mwingine. Jayesh alisema maneno machache. Mehul akaweka nguzo chini. Wakasimama hivyo. Kisha Jayesh akakunja viganja vyake pamoja mbele ya kifua na kuinamisha kichwa, baba mtu mzima mbele ya mwanawe, mchana, wateja wanaona. Ba aliwahi kuniambia kwao kuna siku ya mwaka ambayo kila mtu humwomba mwenzake msamaha hivyo, mkubwa kwa mdogo, hata kwa makosa asiyoyajua. Hiyo haikuwa siku yake.

Mehul hakusogea. Nilianza kufikiri hatasogea.

Halafu akavua glavu, moja, nyingine, akazitupa ndani ya gari. Akaishika ile mikono ya baba yake iliyokunjwa, akaishusha taratibu, na hakuiachia. Kioko, aliyekuwa amesimama karibu nao, aligeuka haraka na kuinama kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote.